Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa zaidi na wafanyabiashara, na hiyo ni haki yao, kwa sababu fedha ina mbio kuliko mwenyewe. Lakini iko mali nyingine, msomaji wangu, ambayo wewe unaikusanya kila siku tangu asubuhi hadi usiku, na aghalabu huiwekei daftari. Mali hiyo ni elimu. Shule huweka hesabu ya alama zako. Chuo kikuu, ukijaliwa kufika huko, kitaweka hesabu ya masomo yako, na mwisho kitakukabidhi hati yenye muhuri. Lakini hesabu ya mambo yaliyokuingia kweli, na namna yalivyokuingia, na kazi unayoweza kuifanya kwa sababu ya mambo hayo, hapana mtu awezaye kukuwekea ila wewe mwenyewe. Siku utakapokwenda kuomba kazi, hesabu hiyo ya mwisho ndiyo utakayoulizwa.

Sikulijua neno hili kwa kusoma. Nililijua kwa aibu, na gharama ya aibu hiyo alilipa mtu mwingine. Nivumilie nikusimulie.

Nililelewa Majengo, mjini Mombasa, na mama aliyekuwa akipika mahamri na mbaazi za nazi. Alfajiri aliuza barazani petu kwa watu waendao kazini na watoto waendao shule. Mama hakuvuka darasa la nne, lakini alikuwa na daftari. Kila usiku, vyombo vikiisha kuoshwa, alikaa karibu na taa, akalifungua, akajiuliza maswali matatu kwa sauti, kana kwamba anamhoji mtu mwingine: Leo kumetokea nini? Kwa nini kumetokea hivyo? Kesho nifanye nini?

Nakumbuka siku moja sufuria nzima ya mbaazi ilibaki. Mimi, niliyekuwa mtoto, nilisema kuwa wateja wetu hawana shukrani. Mama hakunijibu. Alifikiri kidogo, akaandika: "Shule zimefungwa jana." Tangu siku ile, kila shule zilipokaribia kufungwa, alipunguza kipimo cha mbaazi, na sufuria haikubaki tena. Niliiona kazi hiyo ya usiku kwa miaka mingi, wala sikuiheshimu. Niliidhani kuwa ni desturi ya watu wasiokwenda shule sana. Mimi nilikuwa nikienda shule. Nilidhani elimu yangu ingejihesabu yenyewe.

Nikafika chuo kikuu kusomea biashara. Utaratibu wa masomo mengi ya chuo, kama utakavyoona ukifika, ni kuwa mwanafunzi hupelekwa mahali pa kazi kwa muda wa majuma kadhaa ili ajifunze kwa mikono alichokisoma kwa macho. Mwalimu mtarajiwa hupelekwa shuleni kufundisha, mhandisi hupelekwa karakanani, mkulima hupelekwa shambani. Kila mmoja hupewa daftari. Kila siku anatakiwa aandike alichokifanya, msimamizi wake atie sahihi, na mhadhiri aje kulikagua. Mimi nilipelekwa katika ghala la kampuni moja ya usafirishaji katika mji wetu. Msimamizi wangu wa kila siku alikuwa mzee mmoja mtunza ghala, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, nami nilimwita "mzee wangu."

Asubuhi moja lililetwa shehena la sabuni. Mzee alikuwa ameitwa ofisini, akaniachia niipokee. Wachukuzi walizipanga katoni juu ya jukwaa la mbao, nyuma zikiegemea ukuta. Nikatazama upande wa mbele, nikahesabu katoni sita. Nikatazama ubavu wa kulia, nikahesabu tano. Nikatazama kwenda juu, nikahesabu matabaka manne. Sita mara tano ni thelathini. Thelathini mara nne ni mia na ishirini. Hati ya dereva nayo ilisema mia na ishirini. Nikafurahi kuona hisabu yangu imepatana na hati, nikatia sahihi, gari likaenda zake.

Baada ya siku tatu nilitumwa kutoa katoni za kupelekwa dukani. Nilipoziondoa za mbele, niliona kitu kilichonikausha mate. Pembe ya nyuma, ile iliyojificha ukutani, ilikuwa tupu. Katoni tatu hazikuwapo katika kila tabaka, na matabaka yalikuwa manne. Nilikuwa nimetia sahihi ya katoni mia na ishirini, na zilizokuja zilikuwa mia na nane.

Msomaji, pale ndipo palipokuwa mlango wa elimu yangu, nami niliufunga kwa mikono yangu miwili. Niliogopa. Niliziwaza alama zangu, na mhadhiri aliyekuwa karibu kuja kunikagua, na sifa niliyokwisha kuipata ya kuwa kijana hodari. Nikazipanga katoni zilizosalia nikaziba pengo. Jioni niliandika katika daftari langu: "Leo nimejifunza kutoa bidhaa ghalani na umuhimu wa uangalifu katika kazi." Mzee akatia sahihi chini ya maneno hayo bila kuyasoma, kwa kuwa aliniamini.

Mwisho wa mwezi ghala lilihesabiwa. Katoni kumi na mbili zilikosekana. Mtunza ghala ndiye mwenye dhamana. Aliambiwa kuwa atakatwa mshahara mpaka thamani yake itimie. Nilikuwapo alipoambiwa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akasema, "Haya." Hakusema neno la pili. Wala mimi sikusema. Juma lililofuata muda wangu ulikwisha. Nilirudi chuoni na daftari lililojaa sahihi, na mhadhiri akanipa alama nzuri sana.

Nilipomaliza masomo niliomba kazi mahali pengi. Hatimaye niliitwa kwenye usaili katika shirika moja. Wasaili walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja mtu mzima. Wale wanaume waliniuliza juu ya masomo, nikajibu vizuri. Kisha yule mama akaishika karatasi yangu ya wasifukazi, akaweka kidole juu ya mstari mmoja, akasema kwa utaratibu, "Umeandika hapa kuwa ulijifunza uangalifu ulipokuwa katika mafunzo ya kazini. Hebu tuambie habari za siku moja uliyojifunza uangalifu huo."

Siku hiyo nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo kamili, pamoja na hesabu yake, rangi ya katoni zake na harufu ya sabuni yake. Pengine hapakuwa na kijana mwingine aliyeitwa siku ile mwenye jibu zito kuliko langu. Lakini sikuweza kulitoa, kwa maana sikuwa nimejiambia mimi mwenyewe, sembuse kumwambia mgeni. Nikaanza kusema kuwa uangalifu ni jambo muhimu sana katika kazi yoyote ile, na kuwa mfanyakazi mwangalifu huleta maendeleo. Yule mama alingoja. Nikarudia maneno yale yale kwa mpango mwingine. Akanishukuru, akaandika kitu kifupi. Kazi sikuipata.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kuwa nilikosa kazi kwa sababu watu wa siku hizi wanaajiriana kwa kujuana. Mama alikuwa anachambua mbaazi. Akaniuliza, "Walikuuliza nini, mwanangu?" Nikamweleza swali la yule mwanamke. Akaniuliza, "Nawe siku hiyo huna?" Nikanyamaza. Mama aliniangalia kwa muda, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Basi wateja wako hawana shukrani." Nililikumbuka neno hilo mara moja, na sikuwa na uso wa kumtazama.

Usiku ule nilichukua karatasi, nikaandika maswali yake matatu, nikayajibu. La kwanza lilikuwa jepesi: kumetokea nini. Niliandika habari za pembe iliyokuwa tupu. La pili lilikuwa gumu, nami nililijibu mara tatu kabla ya kulijibu kwa kweli. Kwanza niliandika kuwa wachukuzi walikuwa wadanganyifu. Nikakata. Kisha niliandika kuwa mzee hakupaswa kuniachia kazi ile peke yangu. Nikakata. Mwisho niliandika haya: "Nilihesabu nilichokiona, nikakadiria nisichokiona, nikakiita chote hesabu. Tena nilifurahi hati ilipokubaliana nami, na furaha hiyo ndiyo iliyonizuia kuzunguka nyuma. Nilipojua kosa langu, niliiogopa alama kuliko kumwogopea mtu." Swali la tatu lilikuwa: kesho nifanye nini. Niliandika sentensi mbili tu. Ya kwanza: "Mzigo uliopo ukutani usitiwe sahihi." Ya pili: "Nimwendee mzee."

Sikumwendea kesho yake. Sikuwa na fedha, na kwenda mikono mitupu kulinishinda. Nilifanya vibarua bandarini miezi kadhaa, nikakusanya kiasi cha thamani ya katoni kumi na mbili, ndipo nilipokwenda. Nilimkuta mzee kwake, amekwisha kustaafu. Nilimweleza jambo lote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, nilijua. Siku ile ya kuhesabu ghala nilijua. Lakini mimi pia nilikuwa na langu. Nilitaka kupokea mzigo kwa macho yako badala ya macho yangu. Tangu siku ile mpaka nilipoacha kazi, sikuruhusu mzigo uegemezwe ukutani. Niliacha nafasi ya mtu kupita nyuma." Kisha alipokea zile fedha, akazihesabu mbele yangu mara mbili.

Nimekusimulia haya si kwa kuwa nayaonea fahari. Nimekusimulia ili uone kuwa watu wawili walipatwa na tukio moja, siku moja, katika ghala moja. Mmoja wao, asiye na shahada, alilitazama tukio lile, akalitambua kosa lake ndani yake, akabadili namna ya kufanya kazi. Mwingine, aliyekuwa karibu kupewa shahada, aliliandika katika daftari kwa maneno mazuri, wala hakujifunza neno. Kupatwa na jambo si kujifunza. Laiti ingekuwa hivyo, kila mzee angekuwa mwenye hekima na kila mwanafunzi aliyepelekwa kazini angerudi fundi.

Mimi nilikuja kuwa mhadhiri, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu moja ni kuyasoma madaftari ya vijana warudio kutoka mafunzo ya kazini. Katika kazi hiyo nilikuta kuwa maswali ya mama yangu yamekwisha kuandikiwa vitabu. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 1910 juu ya namna tunavyofikiri. Alieleza kuwa fikira ya kweli huanza pale mtu anapokwama, akakataa kulirukia jibu la kwanza, akalichunguza. Mwaka 1983 mwananchi mwenzake, Donald Schön, alitoa kitabu juu ya watu wa kazi, kama wahandisi na wasanifu wa majengo. Alionyesha kuwa mjuzi hafuati tu kanuni alizosoma. Huwaza huku anatenda, tena huwaza baada ya kutenda. Mwaka uliofuata, 1984, David Kolb alieleza jambo hili kwa mfano wa duara: mtu hupatwa na jambo, hulitazama tena, hutoa funzo, hulijaribu funzo hilo katika jambo jipya, na duara huanza upya. Na kwetu Afrika Mashariki Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, alikaa akaandika habari za maisha yake mwenyewe. Wenye vitabu hawa hawakumjua mama yangu, wala yeye hakuwajua wao, lakini wote walipita njia moja.

Pengine utaniuliza: Je, jambo hili lina haja gani kwa mtu atafutaye kazi? Nitakujibu. Kenya ilipokuwa na chuo kikuu kimoja tu, kile cha Nairobi kilichopata hadhi hiyo mwaka 1970, shahada ilikuwa adimu, na uadimu wake ulimsemea mwenye nayo. Chuo kikuu cha pili, cha Moi, kilianzishwa mwaka 1984. Leo vyuo vikuu vyetu vimezidi sitini. Utakapoketi mbele ya wasaili, mlangoni watakuwapo wenzako wengi wenye shahada kama yako, na madaraja kama yako, na hati zilizopigwa muhuri kama wako. Msaili hawezi kuwatofautisha kwa hati. Atataka kujua ni nani kati yenu anayejua anachokijua, na awezaye kukihamisha kutoka mahali alipokipata na kukipeleka mahali kinapohitajika. Lugha yetu imelieleza jambo hili vizuri: asiyezoea kujisaili nafsi yake atawezaje kusailiwa na wengine?

Hata hivyo sitakudanganya. Kutafakari hakujengi viwanda, wala hakuongezi nafasi za kazi. Baada ya usiku ule wa karatasi niliitwa kwenye usaili mwingine, nikasimulia habari za sabuni kwa ukweli wote, na kazi ile pia sikuipata, kwa sababu nafasi ilikuwa moja nasi tulikuwa wengi. Niliipata ya tatu. Wako vijana hodari wanaojijua vizuri, na bado wanazunguka na bahasha mikononi. Kuwaambia kuwa kosa ni lao ni dhuluma. Ninalosema ni dogo kuliko hilo, lakini ni la hakika: mlango ukifunguliwa, asiyejua alichonacho hupita mikono mitupu ingawa ghala lake limejaa.

Sasa nikueleze ninavyowasaidia wanafunzi wangu, ili uanze mapema kuliko wao.

Jambo la kwanza ninalowakataza ni sifa zisizo na tukio. Daftari likisema, "Nimejifunza ushirikiano," mimi huandika pembeni, "Na nani? Lini? Juu ya nini?" Mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliniletea daftari lililosema kuwa alijifunza mawasiliano. Nilipomuuliza lini, alifikiri sana, kisha akasema kuwa siku moja alipewa agizo na fundi, hakulielewa, akaona haya kuuliza, akatoboa bomba mahali pasipofaa. Nikamwambia, "Hayo ndiyo mawasiliano uliyojifunza, yaandike." Aliandika kuwa kosa lake halikuwa kutojua, bali kuitikia "ndiyo" kabla ya kuelewa. Akaongeza kuwa tangu siku ile hurudia agizo kwa maneno yake mwenyewe mbele ya aliyempa, kabla ya kushika chombo. Hebu fikiri, msomaji: kama ungekuwa na karakana, ungemwajiri yupi? Yule asemaye kuwa ana mawasiliano mazuri, au huyu?

La pili, nawataka waandike siku ile ile. Kumbukumbu ni mpambaji. Ukiiachia juma moja, itakupakia rangi wewe na kumpaka masizi mwenzako. Mistari mitano ya jioni ina ukweli kuliko kurasa tano za mwisho wa muhula.

La tatu, nawataka watafute sehemu yao katika kila jambo, jema au baya. Wengi hudhani kuwa kutafakari ni kuungama makosa tu. Sivyo. Ukifaulu pia jiulize kwa nini umefaulu, maana mafanikio yasiyochunguzwa hayarudii. Binti mmoja aliyekuwa akifundisha shuleni aliona kuwa somo lake la Jumanne lilichangamka kuliko yote. Alipojisaili aligundua kuwa siku hiyo alichelewa kupata kitabu, basi badala ya kuhutubu akaanza kwa kuuliza wanafunzi wanajua nini. Bahati ile aliigeuza kuwa njia yake.

La nne, nawakalisha wawili wawili, kila mmoja amsomee mwenzake. Jicho huona vyote lakini halijioni lenyewe, huhitaji kioo. Mwenzako atakuuliza swali uliloliruka, na ulimi wako utazoea kusema jambo la kweli juu ya nafsi yako bila kujisifu na bila kujidhalili. Zoezi hilo ni usaili kabla ya usaili.

La tano linanihusu mimi kuliko wao. Sitoi alama kwa uzuri wa funzo. Mimi mwenyewe nilipewa alama nzuri kwa uongo, na najua kuwa mwalimu akilipia uchaji, ataletewa uchaji. Mwanafunzi akijua kuwa kosa litamponza, ataandika kama nilivyoandika mimi: "umuhimu wa uangalifu katika kazi." Kwa hiyo nimewaambia kuwa daftari lao lina sehemu mbili. Moja ni yao, hailetwi kwangu. Nyingine huchaguliwa kutoka katika ile ya kwanza, nayo ndiyo niionayo. Si kila ukweli ni wa kusomewa kila mtu. Lakini lazima uwepo mahali ambapo umeandikwa.

Wewe uliye shuleni usiseme kuwa mambo haya ni ya chuo kikuu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeweka kujifunza namna ya kujifunza kuwa mmoja wa umilisi wake saba wa msingi. Lakini hata mtaala usingesema, maisha yako ya shule yamejaa mambo ya kuandikwa. Umekuwa kiranja wa chumba cha kulia, na siku moja chakula hakikutosha: ulifanya nini? Umeshindwa mtihani wa Kemia mara mbili: je, ulishindwa kwa kutojua, kwa kutoelewa swali, au kwa kugawa muda vibaya? Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine. Mwanafunzi asemaye tu, "Mimi Kemia hainiingii," amelifunga daftari kabla ya kulifungua. Umecheza katika tamasha la drama, na mwenzako akasahau maneno yake jukwaani. Wewe ukamwokoa kwa kuuliza swali lisilokuwamo katika mchezo. Jambo hilo likiandikwa leo, baada ya miaka saba litakuwa jibu la swali utakaloulizwa na mtu usiyemjua bado. Lisipoandikwa, litakwenda lilikokwenda mengine.

Nunua daftari dogo. Usilipambe. Kila jioni andika mistari michache chini ya maswali matatu: Leo kumetokea nini? Kwa nini kumetokea hivyo? Kesho nifanye nini? Swali la pili ukilijibu upesi sana, lijibu tena, kwa maana jibu la kwanza aghalabu humlaumu mtu mwingine. Na ukiona kuwa kosa lako limemwangukia asiyehusika, usingoje kama nilivyongoja mimi, mwendee.

Mama yangu amekwisha kufariki. Katika vitu alivyotuachia yamo madaftari yake, mengine yameliwa na mende pembeni. Siku moja nililifungua mojawapo nikitafuta hati ya kiwanja, nikakuta tarehe ya siku niliyorudi kutoka usaili wangu wa kwanza. Chini ya hesabu ya unga na nazi ameandika kwa mwandiko wake mkubwa: "Mtoto amekosa kazi. Sikumfundisha daftari. Nilidhani shule itamfundisha." Na chini yake, katika swali la tatu: "Kesho nimwambie."

Kesho yake hakuniambia, kwa kuwa asubuhi alikuta ile karatasi yangu mezani. Nami, kwa kuwa siwezi kuacha karatasi kwenye meza ya kila kijana, nimekuandikia wewe haya.